Huria haimaanishi bure

Ukimtajia Mkenya Kiganjo, atafikiria chuo cha polisi kwanza. Wenyeji wana mengine ya kutaja: kiwanda cha maziwa cha KCC, reli ya Nanyuki, na malipo ya mwisho wa mwezi yanayoingia kwenye simu na kuanza kutoka siku hiyohiyo. Mkopo wa Fuliza unajikatia chake, kisha karo, chama, chakula cha ng'ombe, bodaboda. Anayetaka kujua pesa zilienda wapi hutafuta programu ya kuweka hesabu za matumizi, na baadhi ya programu hizo husifiwa kuwa ni huria.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yenyewe kama mtunzi alivyoyaandika, umewekwa hadharani pamoja na leseni inayomruhusu mtu yeyote kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Leseni ndiyo kiini. Msimbo ulioanikwa bila leseni ya namna hiyo bado una mwenyewe: utautazama, hutaugusa.

Mtunzi wa programu Richard Stallman alipotangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, Kiingereza kilimpa neno "free", lenye maana mbili, huru na bure, na amekuwa akilifafanua tangu hapo. Februari 1998 Christine Peterson akapendekeza jina jingine, lililotaja uwazi wa chanzo, na kambi mbili zikazaliwa. Sisi ugomvi huo hautuhusu sana. Katika soko huria, neno letu lina maana ya kutobanwa. Katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, lina maana ya mlango ulio wazi kwa wengi. Wapo wanaosema chanzo wazi au msimbo wazi, wala hawakosei, ila naona "wazi" inaishia kwenye kuona, na leseni hizi zinaruhusu kutenda.

Bei ni habari nyingine kabisa. Programu ya hesabu ya My Expenses, ya Michael Totschnig, iko chini ya leseni huria ya GPL, lakini baadhi ya vipengele vyake hulipiwa. Programu nyingi za mikopo ya simu, kwa upande wao, hupakuliwa bure huku msimbo wake ukifichwa, na zimejulikana kwa kuomba ruhusa ya kusoma SMS na orodha ya watu unaowasiliana nao.

Ruhusa hiyo ya SMS ndiyo nzito. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, muamala huacha ujumbe wenye namba yake, kiasi, jina la mpokeaji, tarehe, ada na salio. Programu inayojijaza yenyewe kwa kusoma ujumbe huo inakuondolea kazi, sikatai. Lakini ruhusa hiyo haichagui: inafungua pia ujumbe wa SACCO, wa hospitali, na wa benki unaoleta namba ya siri ya kutumika mara moja. Programu ikiwa imefungwa, umebaki na ahadi ya mwenye kampuni. Ikiwa huria, mwanafunzi wa kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi anaweza kufungua msimbo na kutafuta mahali data inapotumwa nje. Wewe huenda usisome hata mstari mmoja. Muhimu ni kwamba anayejua kusoma hazuiwi.

Tukilinganisha programu huria za hesabu, GnuCash hufuata uhasibu wa maingizo mawili: pesa ya chakula cha ng'ombe inatoka kwenye akaunti ya M-Pesa na kuingia kwenye gharama za mifugo. Mweka hazina wa chama ataipenda. Kwa anayetaka tu kujua elfu mbili za Jumamosi zilikoenda, ni mzigo. Huyo namshauri My Expenses, hasa kwa sababu inagawanya muamala mmoja: umelipa dukani mara moja, lakini unga ni wa nyumbani, chumvi ni ya ng'ombe, na daftari ni la mtoto. Kila kitu kinakwenda kwenye fungu lake. Cashew inavutia macho zaidi na inamfaa mwenye mshahara anayepanga bajeti ya mwezi.

Angalia pia kama programu bado inatunzwa. Watunzi wa Ivy Wallet waliacha kuiendeleza mwaka 2024. GnuCash ya Android nayo ilidorora kwa miaka kabla wengine hawajauchukua msimbo wake na kuusogeza mbele. Ikiwa programu iko kwenye F-Droid, ghala la programu huria lililoanza mwaka 2010, tarehe ya toleo la mwisho utaiona hapo. Kisha, kabla hujajaza mwezi mzima, jaza miamala mitatu ya majaribio, itoe kama faili la CSV, na ulifungue kwenye kompyuta ya saiba. Safu zikionekana sawasawa, endelea. Zisipoonekana, ifute programu hiyo ujaribu nyingine.