Kiko kikipasuka: historia ndogo ya kutengeneza

Wasomi wenzangu, tukisema historia ya Uvira, wengi tunawaza vita, mipaka na majina ya wakubwa. Leo tuongee juu ya kitu kidogo: kiko, kile chombo cha kuvutia tumbako. Na swali letu ni moja tu. Kiko kikiharibika, mwenyewe alifanya nini?

Kabla ya kuendelea tuelewane: tumbako inaharibu mapafu, na makala hii haimtumi mtu kuvuta. Tunachotafuta ni akili iliyokuwa ndani ya chombo.

Tumbako si mmea wa kwetu. Asili yake ni Amerika, na ilivuka bahari baada ya Wazungu kufika huko. Lakini miaka ya 1850 ilikuwa imeshazoeleka kabisa kando ya Tanganyika. Burton na Speke, waliofika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji mwezi wa Aprili 1858, walikuta kila jamii ina namna yake ya kuitumia. Burton aliandika kwamba huko Ujiji watu walikuwa wanailoweka tumbako ndani ya maji, wanavuta yale maji puani, halafu wanabana pua kwa vidole au kwa kibanio kidogo. Kwa hiyo kiko kilikuwa njia moja kati ya nyingi.

Sasa kiko chenyewe kilikuwaje? Hapa lugha yetu inatusaidia. Kiswahili kilipanda hadi ziwa letu pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani. Na kwa Kiswahili cha Unguja, mmisionari Mwingereza Edward Steere alitoa kitabu chake cha kufundisha Kiswahili mwaka 1870, akaandika jina la kila sehemu ya kiko. Kile kikombe kinachowekwa tumbako na moto kinaitwa bori. Mrija unaoshuka kutoka kwenye bori ni digali. Digali inaingia ndani ya chombo kidogo chenye maji, na hicho ndicho kiko hasa. Mrija wa pili, unaotoka kwenye maji kwenda mdomoni, ni shilamu. Hata ule mlio wa maji mtu anapovuta una jina lake: malio ya kiko.

Tuyahesabu majina hayo vizuri, maana ndani yake kuna somo. Kitu chenye majina manne ya sehemu zake ni kitu kinachofunguka. Bori ya udongo ikianguka ikapasuka, haiungiki tena, lakini si kiko kizima kilichokufa. Unatafuta bori nyingine kwa mfinyanzi, digali na shilamu zinabaki zilezile. Digali ikiungua au ikiziba, unakata nyingine. Nani kati yetu hajaona matete ya Rusizi? Mrija haukuwa kitu cha kuagiza mbali.

Na kama ni chombo cha maji kilichopata ufa? Kama ni kibuyu, kinashonwa. Ndiyo, kinashonwa kama nguo! Ufundi huu unajulikana sehemu nyingi za Afrika: unatoboa matundu madogo pande zote mbili za ufa, unapitisha uzi wa nyuzi za mmea, unakaza, halafu unaziba mshono kwa nta au utomvu ili maji yasivuje. Mshono unabaki unaonekana, na hakuna anayeona haya. Wazee walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tulinganishe na London. Huko, kuanzia mwisho wa miaka ya 1500, watu walivutia viko vya udongo mweupe vya kipande kimoja, bori na mrija vimeungana. Vilikuwa bei ndogo. Kikivunjika, hakuna cha kubadilisha, kinatupwa. Ndiyo maana hadi leo vipande vyake vinaokotwa kwa wingi kando ya mto Thames. Mavuno mazuri kwa watu wa akiolojia! Lakini yanatuonyesha jambo: kitu kisichofunguka kinazaa takataka.

Si kwamba Wazungu hawakujua kutengeneza, wala kwamba sisi hatukutupa kitu. Tofauti inatoka kwenye namna kitu kilivyoundwa, na kwenye umbali wa yule anayejua sehemu zake. Mwaka 2007 jumba la makumbusho la quai Branly, mjini Paris, lilifanya maonyesho mazima juu ya vitu vya Afrika vilivyoharibika vikatengenezwa. Waliviita vitu vilivyojeruhiwa. Vyombo ambavyo zamani mtu angeviona vibovu, sasa vilisimamishwa ndani ya vioo kwa sababu ya mishono yao.

Kumbe sisi tulishalijua hilo ndani ya lugha. Kutengeneza kwa Kiswahili ni kuunda kitu kipya, na kutengeneza ni pia kukirudisha kilichoharibika. Neno ni moja, na fundi ni mmoja.

Sasa turudi kwetu. Simu ikizima, jibu la haraka ni: "Iyo imeisha, tupa, nunua mupya." Betri imegundishwa ndani na gundi, kama kiko cha London. Hata hivyo kando ya barabara zetu kuna kijana mwenye bisibisi na mashine ya kuchomelea anayeifungua. Sisi wenye diploma tunampita tukidhani ni mtu aliyekosa shule. Lakini mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kulazimisha viwanda vikubali kutengeneza baadhi ya vifaa, simu zikiwemo, hata muda wa garantii ukiwa umeisha. Wenzetu wanaandika sheria ili wapate kile ambacho yule kijana anakifanya kila siku bila mtu kumshukuru.

Yeye anayajua majina ya sehemu za simu. Sisi tunajua jina la simu tu. Na aliyebaki na jina la kitu kizima peke yake atakinunua upya kila kinapoharibika, maana hawezi hata kusema ni wapi panauma.

Kwa hiyo naomba kazi moja kwa kila msomaji. Wiki hii mwendee mzee mmoja, wa Kivira, Kifuliiru au Kibembe. Muulize sehemu za kiko, za mtumbwi, za jembe, za wavu, zinaitwaje, na kila moja ikivunjika ilitengenezwaje. Andika, weka tarehe, hifadhi. Ukimaliza, pita pia kwa fundi wa simu, umuulize maswali yaleyale.