Sakhr ya Marehemu Ami

Katika mirathi ya marehemu ami yangu, aliyehama Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964 akafanya makazi Maskati, imo kompyuta ya Sakhr. Kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait iliziuza miaka ya 1980 ili Waarabu waandike kwa hati yao. Umo pia utepe wa kaseti aliohifadhia nasaba yetu.

Kuiwasha hapa Sterling kulihitaji mambo mawili. Umeme wa Oman ni volti 240, wa Marekani 120. Nikatafuta transfoma ya kupandisha. Picha nayo hutoka kwa mfumo wa PAL, mistari 625 na mapigo 50 kwa sekunde, mfumo uleule wa Televisheni Zanzibar iliyoanza kwa rangi mwaka 1973. Runinga za zamani za Marekani hungoja NTSC, mistari 525 na mapigo 60. Zikikutanishwa, picha huporomoka bila kutulia. Monita inayopokea mifumo yote miwili ndiyo iliyotuliza maandishi ya Kiarabu.

Imebaki kaseti. Sumaku ya utepe hufifia, basi nitanakili sauti yake kwanza, ndipo niipakie. Ndugu zangu, nanyi mlio na kaseti za wazee, zinakilini mapema, majina yangalimo.