Gumegume Chini ya Sakafu ya Bahari: Historia ya Kuelewa Jinsi Chaki ya Kina Kirefu Inavyogeuka Jiwe Gumu

1.0 Utangulizi

Katika lugha yetu jina gumegume lilishikamana na bunduki kabla ya kushikamana na elimu ya miamba. Bunduki ya gumegume ilifyatuka kwa cheche za jiwe hilo. Mengi ya mawe yaliyouzwa kwa kazi hiyo, yakiwemo yale yaliyochongwa katika mji mdogo wa Brandon nchini Uingereza na kusafirishwa hadi Afrika, yalichimbwa kutoka ndani ya chaki. Chaki ni jiwe jeupe, laini, linalochafua vidole. Gumegume hukwaruza chuma. Kwamba mawe haya mawili hukaa pamoja, moja tumboni mwa jingine, ni jambo ambalo kila mchimbaji wa Brandon alilijua, ingawa sababu yake ilichelewa sana kufahamika.

Makala haya yanafuatilia jinsi swali hilo lilivyojibiwa kwa upande wa bahari kuu, kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi mwanzoni mwa karne hii. Vitabu vya jiolojia hutenganisha aina kadhaa za mawe ya namna hii kwa rangi na umbo. Hapa nitatumia jina moja, gumegume, kwa kuwa dutu ni ile ile na njia ya kuundwa kwake inakaribiana. Hoja yangu ni kwamba mageuzi ya chaki kuwa gumegume yameamua ni vipindi gani vya historia ya bahari tunaweza kuvisoma, na kwamba kipindi kilichoathirika zaidi ndicho hasa ambacho washauri wa sera za tabianchi wanakihitaji leo.

2.0 Chaki kabla ya kuchimbwa

Mwaka 1868 Thomas Huxley aliwahutubia wafanyakazi wa mji wa Norwich kuhusu kipande cha chaki. Miaka kumi kabla yake alikuwa amechunguza tope lililopandishwa kutoka sakafu ya Atlantiki na meli ya Cyclops, iliyokuwa ikipima njia ya waya wa simu. Ndani ya tope hilo aliona visahani vidogo mno, akaviita kokolithi. Mwaka 1861 Henry Sorby na George Wallich, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba visahani hivyo vilikuwa masalia ya viumbe hai. Tangu hapo chaki ilifahamika kuwa tope la bahari la kale, lililorundikana kutokana na magamba ya viumbe wasioonekana kwa macho.

Safari ya meli ya Challenger ya mwaka 1872 hadi 1876 ilitandaza maarifa hayo juu ya ramani ya dunia. Ripoti ya John Murray na Alphonse Renard, iliyotoka mwaka 1891, ilitofautisha tope la magamba ya kalsiamu na tope la magamba ya silika, yaani ya radiolaria na diatomu. Aina hizo mbili ndizo malighafi zote tunazozihitaji kwa simulizi hii. Hata hivyo vyombo vya Challenger viligusa ngozi ya juu tu ya sakafu. Hata msafara wa Albatross wa Sweden wa mwaka 1947 na 1948, uliosifiwa kwa vyombo vyake vipya, uliishia takribani mita 20 ndani ya tope. Kwa karne nzima, basi, gumegume lilichunguzwa nchi kavu, na tope lilichunguzwa baharini. Hakuna aliyekuwa ameona moja likigeuka kuwa jingine.

Katika pengo hilo yaliingia maelezo mengi, na mojawapo lilitoka kwetu. Mwaka 1967 Hans Eugster alieleza madini mapya mawili ya silika na sodiamu kutoka Ziwa Magadi nchini Kenya, akayaita magadiiti na kenyaiti. Alionyesha kuwa sodiamu ikitolewa na maji, magadiiti hubaki kuwa gumegume. Ugunduzi huo ungali msingi wa kueleza gumegume la maziwa ya magadi. Lakini bahari kuu haina magadi, na mwaka uliofuata meli ya Glomar Challenger iling'oa nanga.

3.0 Keekee zilizochakaa

Mradi wa Marekani wa kuchimba bahari kuu ulianza mwezi Agosti 1968. Kabla ya hapo watafiti wa Lamont, wakiongozwa na Maurice Ewing, walikuwa wamefuatilia kwa mawimbi ya mtetemo tabaka linaloakisi sauti chini ya sehemu kubwa ya Atlantiki ya magharibi. Waliliita Upeo A. Ewing mwenyewe alikuwa miongoni mwa viongozi wa safari ya kwanza, na kulifikia tabaka hilo kulikuwa moja ya matarajio makubwa.

Tabaka lilifikiwa, na likakataa kupita. Katika safari mbili za mwanzo keekee zilikutana na gumegume la enzi ya Eosini, zikachakaa. Ili uthamani ugumu wa hali hiyo, fikiria bomba lenye urefu wa kilomita nne au tano linaloning'inia kutoka melini. Keekee ikiisha makali, hakuna namna ya kuibadilisha ila kulipandisha bomba lote. Na ukilipandisha, tundu lililoachwa katika sakafu yenye giza halionekani tena. Visima vikaachwa kimoja baada ya kingine juu ya jiwe lile lile. Kwa maneno mengine, mafanikio ya kwanza ya kisayansi, yaani kuthibitisha kwamba Upeo A ni gumegume, yaliandikwa katika daftari la kazi kama hasara.

Mafundi walijibu kwa kutengeneza mdomo mpana wa chuma mfano wa faneli, wenye kipenyo cha karibu mita 5, uliowekwa juu ya tundu. Chombo cha sona kilishushwa ndani ya bomba kuutafuta mdomo huo, na meli ikasogezwa taratibu mpaka bomba likaingia tena. Jaribio lilifaulu mwezi Juni 1970, na siku ya Krismasi ya mwaka huo mbinu ilitumika kwa mara ya kwanza katika kazi halisi, kwenye Bahari ya Karibi. Uwezo wa kurudi katika kisima cha bahari kuu, ambao sasa tunauona wa kawaida, ulizaliwa kwa sehemu kubwa kutokana na ukaidi wa gumegume.

4.0 Volkano au magamba?

Jiwe lilipopatikana, mabishano yalihamia maabara. Mwaka 1971 Thomas Gibson na Kenneth Towe walidai katika jarida la Science kwamba silika ya Upeo A ilitokana na majivu ya volkano za Eosini. Dai hilo lilivutia: tabaka lililoenea hivyo lilionekana kuhitaji tukio kubwa. Mwaka huo huo, Ross Heath na Ralph Moberly, wakichunguza mawe ya Pasifiki ya magharibi, walipendekeza jambo la kawaida zaidi: magamba ya silika yaliyotawanyika katika tope huyeyuka, silika hukusanyika upya, na jiwe hukomaa kadiri miaka inavyopita. Kwa maoni yangu ushindi wa hoja hii ya pili, ambao haukuwa wa siku moja, ndio kiini cha historia yote. Volkano hazikufutwa; zinaweza kuchangia. Ila hazihitajiki.

Lililosaidia ni lugha sahihi. Mwaka 1971 J. B. Jones na E. R. Segnit wa Australia waliainisha aina za opali kwa mpangilio wake wa ndani, na watafiti wa bahari wakapata majina ya hatua walizokuwa wakiziona. Hatua ya kwanza ni opali ya magamba yenyewe, yenye maji ndani yake na isiyo na mpangilio wa fuwele. Hii huyeyuka kwa zaidi ya mara kumi kuliko kwatzi. Maji ya bahari yana upungufu mkubwa wa silika, hivyo magamba mengi hutoweka mapema. Katika kila sehemu 100 zinazotengenezwa na viumbe, ni takribani 3 tu zinazozikwa kwa kudumu. Zinazozikwa huendelea kuyeyuka ndani ya tope, lakini sasa silika haina pa kukimbilia. Maji yaliyofungwa katikati ya chembe hushiba.

Maji hayo yaliyoshiba hutoa opali ya pili, yenye mpangilio nusu, katika vijitufe vya vibapa vyembamba, kila kimoja kikiwa na upana wa takribani sehemu ya mia ya milimita. Vijitufe hivyo hujaza kwanza vyumba vitupu vya magamba ya foraminifera. Baadaye opali ya pili nayo huyeyuka na kuacha kwatzi. Wakati huo huo kalisaiti ya chaki inayozunguka huondoka chembe kwa chembe na silika hukaa mahali pake, kiasi kwamba katika kipande chembamba chini ya hadubini bado unaona umbo la gamba la kalsiamu ambalo lote sasa ni kwatzi. Umbo limebaki, dutu imehama.

Kwa nini tabaka au donge, na si ugumu uliosambaa kote? Kwa sababu kwatzi, ikiwa na umumunyifu mdogo, hushusha kiwango cha silika katika maji yaliyo jirani nayo, na silika ya mbali huvutwa kuelekea pale. Punje ya kwanza, labda katika shimo la mnyama wa sakafuni ambamo maji yalipita kwa urahisi, huwa kama mnunuzi mwenye bei bora sokoni. Chaki ya kandokando huachwa bila magamba ya silika. Mwenendo huu uliwasumbua wasomaji wa radiolaria: palipo na gumegume jingi, chaki ya karibu haina cha kusomwa.

Mabishano ya mwisho yalihusu mwamba mwenyeji. Yves Lancelot, akiandika mwaka 1973 kuhusu Pasifiki ya kati, aliona kwamba katika mfinyanzi hupatikana zaidi opali ya pili, na katika chaki hupatikana kwatzi. Alidhani ni njia mbili tofauti. Sherwood Wise na Fred Weaver, mwaka 1974, walitetea njia moja ya kukomaa. Mwaka 1977 Miriam Kastner na wenzake walitoa matokeo ya majaribio: kalsiamu kaboneti huharakisha kuzaliwa kwa opali ya pili kwa kusaidia kuundwa kwa viini vya magnesiamu na haidroksidi, ilhali mfinyanzi hunyang'anya magnesiamu hiyo na kuchelewesha. Njia ni moja, mwendo ni tofauti. Chaki si chombo tu kinachobeba gumegume, inalisaidia kuzaliwa.

Chaki yenyewe haikusimama katika muda huo. Tope linapotua, sehemu 70 hadi 80 kati ya 100 za ujazo wake ni maji. Seymour Schlanger na Robert Douglas walionyesha mwaka 1974 jinsi uzito wa juu, kisha kuyeyuka na kuganda upya kwa kalisaiti, hugeuza tope kuwa chaki, na chaki kuwa chokaa ngumu, katika mamia ya mita za kina. Uwanda wa Ontong Java katika Pasifiki unaonyesha mfuatano huo vizuri, gumegume likijitokeza kuelekea chini.

5.0 Kilichopotea, na mfinyanzi wa Kilwa

Keekee inapopita katika chaki laini yenye vipande vya gumegume, maji ya kuchimbia huisomba chaki na kuacha mawe. Ndivyo ilivyokuwa kwenye mwinuko wa Shatsky mwaka 1973, na tena mwaka 2001 kwa vyombo bora zaidi: mita nyingi za kisima, na mkononi vipande vichache. Mwaka 2007 Giovanni Muttoni na Dennis Kent walikusanya kumbukumbu za visima, wakaona kwamba gumegume la bahari kuu limekithiri katika Eosini ya mapema, takribani miaka milioni 50 iliyopita. Hicho ndicho kipindi cha joto kubwa kuliko vyote katika miaka milioni 65 ya mwisho, na ndicho kinachotumika kupima jinsi dunia inavyoitikia hewaukaa nyingi. Ukurasa unaotafutwa zaidi ndio uliochanika zaidi.

Hata pale ambapo chaki ilipona isigeuke gumegume, maji yale yale ya ndani yalikuwa yameigusa. Magamba ya viumbe walioishi juu, katika maji ya joto, yaliganda upya chini, katika baridi ya sakafu, na yakachukua alama ya baridi hiyo. Ndiyo maana hesabu za zamani ziliipa bahari ya tropiki ya Eosini nyuzi 15 hadi 23 tu za Selsiasi, baridi isiyoaminika.

Jibu lilitoka pwani ya Tanzania. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake walichapisha katika Nature vipimo vya foraminifera zilizohifadhiwa katika mfinyanzi, zikiwemo za eneo la Kilwa na Lindi. Magamba hayo yanang'aa kama kioo, wakati yale ya chaki ya bahari kuu yamefifia kama barafu. Mfinyanzi haukupitisha maji, hivyo mabadiliko hayakuanza. Joto lililopatikana lilikuwa angalau nyuzi 28 hadi 32. Uchimbaji wa visima vifupi ulifuata, kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, na miamba hiyo leo inatajwa duniani kote kwa majina ya Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande.

Hapa pana jambo la kiutawala. Pwani hiyo hiyo ina gesi, kama Songo Songo na Mnazi Bay zinavyoonyesha, na kisima cha gesi hulenga miamba ya chini zaidi. Mfinyanzi wa juu hupitwa haraka; kinachohifadhiwa aghalabu ni makombo yaliyopandishwa na tope la kuchimbia, yaliyochanganyika kina na kina. Sharti la leseni linaloagiza walau kisima kimoja katika kila kitalu kitoe nguzo kamili ya sampuli kupitia mfinyanzi wa Eosini, pale unapokutwa, na nguzo hiyo itunzwe kavu na kwa mpangilio wake, lingegharimu siku chache za mtambo.