Magonjwa ya zinaa: kwa nini wawili hutibiwa pamoja

Maambukizi mengi ya zinaa hayatoi dalili, na kijana aweza kuyabeba kwa miezi akijiona mzima. Ndiyo maana tiba ya mtu mmoja peke yake mara nyingi haitoshi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizi mapya milioni 374 ya klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi. Yote manne hutibika. Herpesi, VVU, homa ya ini aina B na virusi vya papiloma husababishwa na virusi. VVU haviponi, lakini dawa huvidhibiti; na anayezitumia ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Ukimya wa ugonjwa

Kaswende huanza kwa kidonda kisichouma, ambacho hupona chenyewe. Mgonjwa hudhani amepona, ilhali vimelea vingali mwilini, na baada ya miaka vyaweza kudhuru moyo na ubongo. Mama mjamzito asiyetibiwa aweza kumwambukiza mtoto tumboni au kumpoteza. Klamidia na kisonono navyo vyaweza kuziba mirija ya uzazi ya mwanamke bila maumivu makubwa, na wanandoa wakaja kutambua pale mtoto anapokosekana.

Umbali wa visiwani

Huko Kudha, miongoni mwa visiwa vya Wabajuni kusini mwa Kismayo, riziki hutoka baharini, na msimu wa kusi bahari huchafuka, safari za vyombo zikawa za shida. Vita vilivyoanza Somalia mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni wengi hadi Lamu, Mombasa na ng'ambo, hata ikawa si ajabu mume kuwa pwani moja na mke pwani nyingine.

Umbali huo hufanya tiba kuwa ngumu. Mke akitibiwa na mumewe asitibiwe, ugonjwa hurudi siku wanapokutana. Kwa maambukizi kama klamidia na kisonono, wote wawili humaliza dawa, kisha hujizuia kwa muda wa siku 7 baada ya tiba ya wote. Aliye mbali apelekewe habari mapema, naye akapimwe huko aliko.

Kupatikana na ugonjwa si ushahidi wa usaliti. Mtu aweza kuingia katika ndoa na maambukizi ya zamani asiyoyajua, na homa ya ini aina B huweza kupatikana hata tangu kuzaliwa.

Somo kutoka Mwanza

Utafiti uliofanywa vijijini mkoani Mwanza, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 1995, uliwapa wahudumu wa zahanati mafunzo na dawa za magonjwa ya zinaa. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 kuliko katika vijiji vya kulinganisha. Sababu mojawapo ni kwamba vidonda na uvimbe wa sehemu za siri huvifungulia VVU mlango.

Jinsi ya kujikinga

• Wanaotaka kuoana wapimwe wote kabla ya ndoa. Wajawazito wapimwe kaswende na VVU mapema.

• Kondomu ikitumiwa sawasawa kila mara hupunguza sana hatari.

• Chanjo zipo za homa ya ini aina B na za virusi vya papiloma, ambavyo husababisha saratani ya mlango wa kizazi.

• Aliyehofia kuambukizwa VVU aende kituo cha afya upesi. Dawa za kuzuia huanzwa ndani ya saa 72.

• Asinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Vimelea vya kisonono vimekwisha kuwa sugu kwa dawa nyingi.

Aishiye ughaibuni aweza kumwomba daktari mkalimani wa simu asiyetoka katika jamii yake, au mhudumu wa jinsia yake. Mkalimani naye hufungwa na wajibu wa kutunza siri.

Mila za pwani zilikwisha kuwa na nafasi ya mazungumzo haya: kungwi humfunda mwari mambo ya ndoa, faraghani na kwa lugha ya heshima. Vipimo na tiba ya wawili vyaweza kuingizwa katika mafunzo hayo hayo, na vijana wa kiume nao wakatafutiwa mzee wa kuwafunda.