Mikono ya Seremala

Katika nyumba nyingi za washarika wetu hapa Chunya, picha ya Yesu hukosekana mara chache ukutani. Ngozi yake ni nyeupe, nywele laini, kanzu haina doa. Tumeizoea tangu shule ya Jumapili, hata tunadhani ndivyo alivyokuwa. Lakini Injili zote nne hazituelezi sura yake. Picha hiyo ni mapokeo ya wachoraji, na wapo wachoraji walioyaasi mapokeo hayo.

Mwaka 1848, jijini London, vijana saba waliunda udugu wao. Waliojulikana zaidi ni John Everett Millais, William Holman Hunt na Dante Gabriel Rossetti. Chuo cha Kifalme cha Sanaa kiliwafundisha wanafunzi kumfuata Raphael, mchoraji wa Italia aliyefariki mwaka 1520. Vijana hao waliona kwamba kuiga kumeifanya sanaa iwe ya uongo. Wakajiita ndugu wa kabla ya Raphael, wakaazimia kuchora kile wanachokiona kwa macho yao.

Mwaka 1850 Millais alionyesha picha ya mtoto Yesu katika karakana ya Yosefu. Alikuwa amekwenda kutazama karakana halisi, na mwili wa Yosefu aliuchora kwa kumtazama seremala wa kweli. Sakafuni kuna maranda. Kiganja cha mtoto kimejeruhiwa, na tone la damu limeangukia mguu wake. Magazeti yalikasirika. Mwandishi Charles Dickens aliishambulia vikali, akiona familia takatifu imeshushwa hadhi. Malkia Victoria aliagiza aletewe picha hiyo aione mwenyewe. Wenye hasira walisahau Marko 6:3: watu wa Nazareti nao walijikwaa kwa sababu Yesu alikuwa seremala waliyemfahamu.

Karne moja baadaye swali hilo lilijitokeza Afrika Mashariki. Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932 na kusomea sanaa Makerere, alichora kuta za kanisa la Kianglikana huko Murang'a, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Njau alichora matukio matano: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Kristo wake ni Mwafrika, katika nchi ya Wakikuyu. Waliokuja kusali mbele ya kuta hizo walikuwa wamezika jamaa zao katika udongo uleule. Baadaye, katika kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1965, Njau alisisitiza kwamba kunakili kazi za wengine ni kumlaza Mungu usingizi.

Huenda mmoja wetu akauliza: je, huo si uongo, maana Yesu alikuwa Myahudi? Ni kweli, alikuwa Myahudi, na imani yetu haiwezi kulifuta hilo. Hunt alilijali sana. Mwaka 1854 alisafiri hadi Palestina ili aione nchi ya Biblia. Njau alishuhudia jambo jingine: kwamba Neno aliyetwaa mwili, kama tunavyosoma katika Yohana 1:14, anakaa pia kati ya watu wa Murang'a. Ushuhuda wa kwanza unahusu mahali alipozaliwa Bwana, wa pili unahusu watu aliowafia. Tunauhitaji wote.

Basi si lazima tuziondoe picha za ukutani. Tujichunguze kwanza. Jumapili kijana anatoka kwenye mashimo ya dhahabu, vumbi limeganda kwenye kucha, naye anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Tumemfundisha nani kwamba Bwana hukaa na wenye kanzu safi tu? Tukimwonea haya, tumejikwaa kama watu wa Nazareti. Tumsogezee nafasi mbele. Yesu wa karakana angemtambua kwa mikono yake.