Gego la Horace Wells

Nilikuwa na miaka arobaini nilipong'olewa gego la mwisho, lile liitwalo jino la akili. Lilikuwa limelala ndani ya ufizi kwa kukosa nafasi, likimsukuma jirani yake. Nilichomwa sindano ya ganzi, nikasikia mikwaruzo tu. Kisha ikawa wiki moja ya uji na kusukutua kwa maji ya chumvi.

Kung'oa jino bila maumivu kuna historia chungu. Tarehe 10 Desemba 1844, mjini Hartford, Marekani, mganga wa meno Horace Wells alihudhuria maonyesho ya gesi ya kuchekesha. Mtu mmoja aliyeivuta aliumia mguu asijue. Kesho yake Wells aliivuta mwenyewe, na mwenzake John Riggs akamng'oa gego. Hakutafuta taya la mgonjwa, alitoa lake. Hilo naliheshimu kuliko uvumbuzi wenyewe.

Januari 1845 alikwenda Boston kuwaonyesha wanafunzi wa udaktari. Mfuko wa gesi uliondolewa mapema mno, mgonjwa akapiga kelele, ukumbi ukamzomea Wells. Mgonjwa alisema baadaye kwamba hakuumia sana, lakini nani alimsikiliza? Mimi niliyekaa nyuma ya madarasa mengi nikiwapima walimu wanafunzi najua jinsi somo moja lililoharibika linavyoweza kumvunja mtu. Mwaka 1846 William Morton, aliyewahi kushirikiana naye kazini, alifaulu mjini humo humo kwa etha, akavuna sifa.

Wells alijiua Januari 1848, akiwa na miaka 33. Chama cha waganga wa meno wa Marekani kilimtambua mwaka 1864.