Mtu ni Afya: Kampeni iliyotangulia zahanati kufika kijijini

Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, mjadala ulikuwa wa fedha: kaya itachangia kiasi gani, asiye na uwezo atalipiwa na nani, mfuko utajazwa kutoka wapi. Ni maswali ya haki kabisa. Lakini mwaka huohuo ilitimia nusu karne tangu Mtu ni Afya, kampeni iliyowakusanya Watanzania wapatao milioni 2 kujifunza namna ya kujikinga na maradhi, na katika mjadala ule kumbukumbu hiyo haikupata nafasi inayostahili. Hilo linasikitisha, kwa sababu mfumo wa afya tunaotaka kuukatia bima leo ulipata nguvu zake za kwanza kutoka kwa watu wale.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, kama Mwalimu Nyerere alivyopenda kukumbusha, madaktari wazalendo walikuwa 12. Hospitali zilikuwa mijini na kwenye misheni. Mwaka 1964 kamati ya Profesa Richard Titmuss kutoka London ilishauri nguvu zielekezwe kwenye vituo vya afya vya vijijini. Azimio la Arusha la 1967 likaongeza hoja ya haki: mikopo ya kujengea hospitali kubwa mijini hulipwa kwa jasho la mkulima, ambaye ni nadra kulazwa humo.

Hata hivyo, zege lilikuwa linaendelea kumiminwa. Mwaka 1971 zilifunguliwa hospitali mbili kubwa za rufaa, KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza, zote zikiwa zimejengwa kwa misaada iliyopitia makanisa. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, mkutano mkuu wa TANU, chama tawala, uliamua kwamba afya, maji na elimu ya vijijini ndiyo vitangulie. Oscar Gish, mtaalamu wa mipango aliyefanya kazi katika Wizara ya Afya miaka ile, aliueleza mgongano huo katika kitabu chake cha 1975 kuhusu upangaji wa sekta ya afya nchini. Hoja yake ilikuwa kwamba gharama ya hospitali haiishii kwenye ujenzi. Kila mwaka itadai mishahara, dawa na umeme, na fedha hizo zitatoka kwenye fungu lilelile ambalo lingewalipa waganga wasaidizi wa vijijini na kununulia dawa za zahanati. Taifa maskini haliwezi kuyabeba yote kwa uzito mmoja, lazima lichague.

Tanzania ilichagua vijiji. Lakini zahanati hazioti kwa azimio la chama. Wakati mafundi wakijenga na vyuo vikifundisha waganga wasaidizi, watu waliendelea kufa kwa malaria, kuhara damu, kichocho, safura na kifua kikuu. Mengi ya maradhi hayo yangeweza kupunguzwa na jembe, sufuria ya kuchemshia maji na maarifa. Hapo ndipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipoingia.

Taasisi ilikuwa na uzoefu. Mwaka 1971, taifa likijiandaa kutimiza miaka 10 ya uhuru, iliendesha Wakati wa Furaha, vipindi vya redio vilivyosikilizwa katika vikundi, na watu walikaa, wakasikiliza, wakajadili. Budd Hall, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi hiyo na ambaye baadaye aliiandikia Mtu ni Afya taarifa ndefu, anasisitiza kwamba siri ya mafanikio ilikuwa maandalizi. Fedha zilitoka Sweden, lakini kazi ilifanywa hapa. Wakufunzi wa taifa waliwafundisha wa mikoa na wilaya, nao wakawafundisha viongozi wa vikundi, hadi wakafikia viongozi wapatao 75,000. Walikuwemo walimu, watendaji wa chama, wauguzi na wakulima waliojua kusoma. Vijitabu vilichapwa kwa maneno mepesi, kwa kuwa wasomaji wengi walikuwa ndiyo kwanza wametoka madarasa ya kisomo. Hata kitambaa chenye nembo ya kampeni kilichapwa, watu wakakivaa.

Kuanzia Mei 1973, kwa wiki 12, Redio Tanzania ilirusha vipindi na vikundi vikakaa, mara nyingi chini ya mti, shuleni au kwenye ofisi ya TANU. Utaratibu ulikuwa rahisi. Kipindi kinasikilizwa, kiongozi anasoma sehemu inayohusika katika kijitabu, watu wanajadili: hapa kwetu mbu wanazaliana wapi? Maji tunachota wapi, na nani anaoga humo? Kisha linakuja sharti lililoitofautisha kampeni hii na mihadhara mingine: kikundi hakitawanyiki bila kuamua kitafanya nini. Wakikubaliana kufyeka majani yanayozunguka nyumba, wanafyeka. Wakikubaliana kufukia madimbwi, wanafukia. Wakikubaliana kuchimba vyoo, majembe na sululu yanatoka.

Na vyoo vilichimbwa, mamia ya maelfu, nchi nzima. Sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu watu milioni 12 na ushei, watoto wakiwemo. Kuwaketisha milioni 2 kati ya umma wa namna hiyo, bila simu za mkononi na bila televisheni, ni kazi ambayo hakuna kampeni ya leo inayoweza kujilinganisha nayo kirahisi.

Haikuwa safi kila mahali. Zipo sehemu ambako choo kilichimbwa kwa kuogopa faini, si kwa kuelewa. Na wino wa taarifa za kampeni ukiwa haujakauka, Novemba 1973, Mwalimu alitangaza kwamba kila mtu awe anaishi katika kijiji ifikapo mwisho wa 1976. Familia zilihamishwa, na wengi waliacha nyuma nyumba pamoja na choo kipya. Kipindupindu kilipolipuka mwaka 1977, kiliwakuta watu wengi wamesongamana pasipo na maji safi. Somo liko wazi: kazi ya afya iliyofanywa kwa hiari huharibika haraka inapofuatwa na amri.

Pamoja na hayo, ujenzi uliendelea. Vituo vya afya vijijini, ambavyo wakati wa uhuru havikufika dazeni mbili, vilizidi 200 ifikapo 1980. Mkutano wa Alma-Ata wa 1978 ulipoitangazia dunia huduma ya afya ya msingi, Tanzania ilikuwa tayari njiani.

Kisha ikaja vita ya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta na dhiki ya miaka ya 1980. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza 1993, Mfuko wa Afya ya Jamii ukajaribiwa Igunga, Bima ya Afya ya Taifa ikaanza 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa 2007 ukalenga zahanati kila kijiji.

Leo majengo yapo mengi kuliko wakati wowote. Kinachopungua ni watumishi, na zaidi ya yote ni nafasi ya mwananchi. Katika mfumo wa 1973 alikuwa mwanafunzi na mtendaji; katika mazungumzo ya sasa amebaki mchangiaji na mgonjwa. Mapema 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini tumewahi kuwa na wahudumu wa vijiji, na wengi waliacha kazi kwa sababu vijiji vilivyotakiwa kuwalipa havikuwa na cha kuwalipa. Kosa hilo lisirudiwe: posho yao iwe na fungu lake katika bajeti, kama ulivyo mshahara wa muuguzi.

Na wahudumu hao wapewe vikundi vya kukaa navyo, vipindi vya redio za kijamii na vijitabu, ili mjadala wa bima nao ufanyike kijijini na uishe kwa uamuzi. Shinikizo la damu na kisukari vinavyoongezeka sasa vinahitaji maarifa kama malaria na safura zilivyoyahitaji. Bima italipa gharama za anayeugua. Kumfundisha mtu asiugue ni jukumu ambalo taifa hili lilishawahi kulibeba kwa heshima, na halina sababu ya kulitua.